Alama Tatu za Mkaa

Siku ile naikumbuka kwa mguu kabla sijaikumbuka kwa kichwa, mwanangu. Baridi ya Juni ikianza, ugoko wangu wa kushoto huuma taratibu, mahali palepale, vidole vinne juu ya kifundo. Basi nakaa kitako, naunyoosha mguu juani, nacheka peke yangu. Mke wangu akipita na ndoo yake husema, "Mzee ameanza tena kuongea na mguu wake." Ni kweli tunaongea. Tumejuana siku nyingi.

Nilikuwa darasa la tano, na umri wangu ulikuwa miaka kumi na moja. Tulikuwa tunakaa Tarime, huko juu kwenye migomba na mahindi, kabla sijahamia huku Mbalibali kufuata malisho. Shule yetu ilikuwa na uwanja mmoja tu wa mpira, nao ulikuwa umeinama upande mmoja, kiasi kwamba timu iliyocheza ikiteremka ilikuwa na nusu ya ushindi mkononi. Hatukuona shida. Tulidhani viwanja vyote duniani vimeinama.

Lakini kabla sijakupeleka uwanjani, lazima nikueleze kidogo habari ya saro, maana usipoielewa utaniona nilikuwa mjinga tu, na mimi nataka ujue nilikuwa mjinga wa namna yangu.

Kwetu Wakurya, vijana wanaotahiriwa msimu mmoja ni rika moja mpaka kufa. Hiyo ndiyo saro. Haiangaliwi nani alizaliwa mwaka gani. Mkishatoka pamoja, mnakula pamoja, mnataniana pamoja, na hakuna wa kumwambia mwenzake kwamba ni mtoto. Kaka yangu Mwita alikuwa na miaka kumi na sita na alikuwa anaingia darasa la saba, maana siku zile watu walianza shule wakiwa wameshachunga ng'ombe vya kutosha. Zamu yake ilipofika mwezi wa kumi na mbili, wazee wa ukoo wakaona afadhali na mimi niende naye, ili nyumba yetu imalize shughuli mara moja. Nikaenda, nikasimama, sikutikisika. Watu wakapiga vigelegele, na mimi nikavimba kichwa.

Kwa hiyo shule zilipofunguliwa nilirudi nikiwa kitu cha ajabu kidogo. Mwilini nilikuwa mtoto wa darasa la tano, tena mfupi. Kwa mila nilikuwa mura, mwanamume kamili, rika moja na wale wakubwa wa darasa la saba waliokuwa wameanza kuota ndevu. Wenzangu wa darasani walikuwa bado abarisia, ndivyo tunavyowaita wavulana ambao hawajapita huko. Nikaacha kuchunga nao. Nikaacha kula nao. Nikaanza hata kukohoa kama tata, yaani baba yangu, ambaye alikuwa na kikohozi kizito cha kuonya watu kwamba anaingia. Bibi yangu alinisikia siku moja nikikohoa mlangoni, akauliza kama nimemeza unga.

Mwalimu wetu wa michezo aliitwa Mwalimu Otieno. Alikuwa Mjaluo, kijana mwembamba wa upande wa ziwani, na filimbi yake aliifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Huyu bwana alikuwa na utaratibu wake. Aliona kwamba kugawa watoto kwa madarasa hakufai, kwa sababu darasa moja lilikuwa na mtoto wa miaka kumi na kijana wa miaka kumi na tano. Akachukua mkaa, akachora mistari mitatu kwenye mlango wa stoo, ule wa chini, wa kati na wa juu. Kila mtoto alisimama pale, mgongo kwenye mlango, visigino vimegusa ubao. Kichwa chako kikiishia mstari wa chini, unacheza na wa chini, nusu uwanja, mpira mdogo. Wa kati na wa kati, wa juu na wa juu. Hakuna aliyeachwa, na hakuna aliyekanyagwa. Mimi sasa ni mzee, nimeona walimu wengi, na sijaona utaratibu rahisi kuliko ule.

Siku ya kupimwa ilipofika, jina langu likaitwa.

"Marwa, simama hapa," mwalimu akasema.

Sikusogea. Nilikuwa nimesimama na kina Mwita, nimekunja mikono. Nikamjibu, "Mura hapimwi kama gunia la mahindi."

Wakubwa wakacheka, na kicheko chao kikanipanda kichwani. Mwalimu hakukasirika. Akasema kwa upole, "Sipimi heshima yako, Marwa. Napima urefu tu. Ukicheza na hawa utaumia."

Hapo ndipo nilipomwambia neno. Sitalirudia, mwanangu, kwa sababu mpaka leo naona aibu. Lilihusu kabila lake. Nilimwambia kwamba kwao hawapiti mahali tulipopita sisi, kwa hiyo hana haki ya kumpanga mwanamume wa Kikurya. Mtoto wa miaka kumi na moja, namwambia mwalimu wangu maneno ambayo watu wazima walikuwa wakipigana kwa ajili yake. Mwalimu Otieno alitazama filimbi yake, akaigeuzageuza, kisha akasema, "Haya. Ingia na wakubwa."

Nikadhani nimeshinda.

Wakagawana timu mbili. Mwita akawa upande ule mwingine. Sasa nataka uelewe jambo moja kuhusu kaka yangu. Alinipenda sana. Alikuwa akinibeba mgongoni mto ukijaa. Lakini siku ile alikuwa anacheza na mura mwenzake, na kumhurumia mura mwenzako uwanjani ni kumdharau. Kwa hiyo nilipoupata mpira kwa mara ya pili, na nakuambia ukweli, nilikuwa nimeugusa mara moja tu kabla ya hapo, Mwita alinijia akiteremka na ule mwinamo wa uwanja kama anavyomjia mtu wa kimo chake. Mguu wake ukakosa mpira. Nilisikia sauti ndani ya ugoko wangu, sauti ndogo, kavu, kama unapovunja kijiti cha kuwashia moto.

Nikaanguka. Mwita akasimama juu yangu, uso umembadilika. "Mura, umeumia?"

Mtoto yeyote angelia, na kulia kungeniokoa. Angekuja mwalimu, ningebebwa, mambo yangeishia pale. Lakini miezi miwili tu nyuma nilikuwa nimesimama mbele ya ukoo mzima bila kukunja uso, na watu walikuwa wameisifia nyumba yetu. Ningeliaje kwa sababu ya mpira? Nikasema, "Sina neno." Nikainuka. Nikacheza mpaka filimbi ya mwisho, mguu mmoja ukifanya kazi ya miwili. Mwalimu aliniuliza nilipokuwa natoka kwa nini nachechemea. Nikamjibu jiwe limeingia kwenye kiatu. Sikuwa na viatu.

Nilitembea mpaka nyumbani nikiegemea fimbo ya kuchungia. Siku ya pili nikaenda na ng'ombe, maana ilikuwa zamu ya boma letu kuchunga za majirani, na mura hakosi zamu. Kila kilima nilichokipanda siku ile bado nakijua kwa jina. Siku ya tatu, alfajiri, Mwita alinivuta shuka kuniamsha, akauona mguu. Ulikuwa umejaa, unang'aa kama bakuli lililopakwa mafuta. Nilimwapisha asiseme. Akakubali, akatoka nje, na akaenda moja kwa moja kwa Bibi. Nilimwita mbea kwa mwezi mzima. Leo namshukuru, na akinitembelea kutoka Sirari mimi humpa maziwa ya kwanza.

Bibi Gati, mama yake tata, alikuja na kibakuli cha maji ya moto. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa kelele. Akaugusa ugoko kwa kidole kimoja tu. Mimi nikauma midomo.

"Tangu lini?"

"Juzi, Bibi."

"Na umenyamaza. Nani amekufundisha kunyamaza?"

"Mura halii, Bibi."

Akaweka kibakuli chini. Kisha akasema, "Nimekuuliza habari ya kulia? Kulia ni kulia, na kusema ni kusema. Ungekuja hapa na uso mkavu ukaniambia, Bibi, nimeumia mguu, nani angekuita mtoto?" Akaendelea, sauti yake ikishuka, "Ulisimama vizuri Desemba, nilikuwepo, nilipiga vigelegele mpaka koo likauma. Lakini mfupa wako haujui mambo hayo. Mfupa wako una miaka kumi na moja, haukwenda tohara."

Mwita alicheka, akapigwa kofi la kisogoni, na akatumwa kufunga ng'ombe kwenye mkokoteni.

Hospitali mjini walisema mfupa ulikuwa na ufa, na kwamba ningepelekwa siku ileile ungepona bila alama. Kwa kutembea siku mbili na kupanda vilima nilikuwa nimeupanua. Daktari alimwambia tata waziwazi kwamba nimebakiza kidogo tu nipoteze mguu ulionyooka, na kwamba hata hivyo hawezi kuahidi. Tata alikuwa mtu mkubwa, sauti kubwa, lakini pale aliuliza kwa sauti ndogo, "Atachunga?" Daktari akasema tusubiri. Nikafungwa bandeji ile ngumu ya plasta, ile watu huiita hogo, kuanzia vidoleni mpaka juu ya goti. Narudi nyumbani kwenye mkokoteni, natazama mawingu, na kwa mara ya kwanza nikaogopa. Nikaogopa kwamba sitakimbia tena kabisa. Hapo nililia. Tata alinisikia, hakugeuka, aliendelea kuwasemesha ng'ombe.

Tata alikwenda shuleni kesho yake. Sikuwepo, ila nilisimuliwa. Alimwambia Mwalimu Otieno kwamba mtoto wake hatacheza tena mchezo wowote mpaka atakapomaliza shule. Michezo ni ya wakubwa, akasema. Watoto wadogo waje wasome, warudi wachunge. Na wazazi wengine waliposikia, nao wakawazuia wa kwao. Michezo ya wale wa mstari wa chini ikafa. Kosa langu moja, mwanangu, na watoto arobaini wakawa wanakaa chini ya ukuta kutazama wenzao wakicheza. Abarisia wale wale niliowadharau. Walikuwa wakinitazama nikipita na gongo langu, na hawakunisemesha.

Hogo lilitolewa baada ya wiki nyingi. Mguu ulitoka mwembamba, mweupe kama muhogo uliomenywa, na ulikuwa umepinda kidogo, kidogo tu, unaweza usione mpaka nikuonyeshe. Daktari akasema nitembee, kisha nikimbie polepole. Mguu ulikubali. Aliyekataa ni tata. Nikimwambia daktari amesema nikimbie, ananijibu, "Daktari alikuzaa?"

Sasa sikiliza jinsi jambo lilivyogeuka, maana hata mimi nikilikumbuka hufurahi.

Ulikuwa msimu wa kulima. Tata alikuwa anajulikana kijiji kizima kwa kufundisha maksai. Watu walimletea ng'ombe wao kutoka mbali, na yeye huwarudisha wakiwa wanajua kulia na kushoto kuliko baadhi ya watoto wake. Mwaka ule alikuwa na madume wawili wachanga, ndiyo kwanza wanaanza. Jirani yetu akaja asubuhi, mmoja wa maksai wake alikuwa mgonjwa, akaomba aazimwe dume mmoja amfunge kwenye plau pamoja na lile dume lake kubwa.

"Hapana," tata akasema. "Utamvunja shingo. Lile lako likivuta, huyu anabururwa."

Jirani akaudhika kidogo. "Basi mwache akae zizini mpaka awe mkubwa. Unamfundishia nini sasa hivi?"

Tata akacheka, kile kicheko cha fundi anayesikia mtu anaongea ovyo juu ya kazi yake. Akaweka kamba chini ili aeleze vizuri. "Ukimwacha akae bure mpaka awe mkubwa, hataijua nira maisha yake yote. Atakuwa na nguvu na hana akili ya kuzitumia. Huyu namfunga na mwenzake wa kimo chake. Wanavuta gogo jepesi, asubuhi kidogo, jioni kidogo. Nawatazama shingo kila siku. Akiwa na kidonda namfungua. Ndivyo ng'ombe anavyokua."

Bibi Gati alikuwa ameketi pembeni, anapepeta ulezi. Ungo ukasimama. Akasema bila kuinua uso, "Maneno mazuri hayo, mwanangu. Hebu yaseme tena, lakini safari hii mtazame Marwa."

Ee, mwanangu. Jirani alitazama miguu yake. Mimi nilijifanya natafuta kitu kwenye majani. Tata akaokota kamba yake, akaenda kwa wale madume, akashughulika nao kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Bibi akarudi kwenye ulezi wake, na nikamwona anatabasamu ndani ya ungo.

Asubuhi iliyofuata, nikiwa nakunywa uji, tata alikohoa, akasema, "Nenda kwa mwalimu wako. Mwambie nimesema urudi. Lakini ukapimwe kama wengine." Kisha akaongeza, kwa shida, maana hayakuwa maneno yake ya kila siku, "Na ukiumia, uniambie mimi. Sitakuita mtoto."

Nilikwenda shuleni na moyo mzito. Kurudi kucheza nilikutaka, ila kabla ya kucheza palikuwa na lile neno. Nilimkuta Mwalimu Otieno stoo, anashona mpira uliochanika kwa sindano ya magunia. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima njiani. Ilipotea yote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Marwa."

"Nilisema neno baya juu yako na kwenu. Nimekuja kuomba radhi."

Aliendelea kushona mishono miwili, mitatu. Akasema, "Liliniuma. Sitakudanganya." Nikainamisha kichwa. Kisha akauweka mpira chini. "Lakini nimelifikiria sana tangu uumie. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja. Filimbi ilikuwa shingoni kwangu. Niliona hatari, na nikakuacha uingie kwa sababu niliogopa kuambiwa mgeni. Baba yako alipokuja sikuwa na la kumjibu. Basi na mimi nakuomba radhi."

Mwanangu, nimeishi miaka mingi na watu wazima wengi wamenikosea, kama mimi nilivyowakosea wengi. Walioniomba radhi nawahesabu kwenye mkono huu. Wa kwanza alikuwa yule mwalimu, tena nikiwa mtoto, tena nikiwa mimi niliyeanza kukosa. Nikaenda mlangoni, nikageuka, nikaweka visigino kwenye ubao, na mgongo wangu, na kisogo.

"Haya, pima," nikasema.

Alicheka, akaweka kitabu kichwani kwangu. Kichwa changu hakikuufikia mstari wa chini. Kilipungua vidole viwili. Mura mzima.

Wazazi walipoona mtoto wa fundi wa maksai amerudi uwanjani, nao wakawaachia wa kwao. Jioni ile tulikuwa wanane, wiki iliyofuata tukawa ishirini. Nilicheza na abarisia, nusu uwanja, mpira mdogo, na wakubwa wakipita walinitania kweli: "Marwa, umerudi malishoni?" Ilichoma siku mbili. Siku ya tatu sikusikia tena, kwa sababu nilikuwa na kazi. Kwa wakubwa niliugusa mpira mara mbili na kuvunjika mguu. Hapa niliugusa mara hamsini. Nilijifunza kutoa pasi, kupokea kwa kifua, kukaa nafasi yangu. Nilijifunza na majina ya watoto niliosoma nao mwaka mzima bila kuwajali. Nilipofika mstari wa kati nikaingia kati, na wa juu nikaingia juu, na nilipokuwa darasa la saba nilikuwa nahodha, na mguu wangu huu uliopinda ulikuwa na shuti la ajabu, linakwenda upande ambao hata mimi sikuukusudia. Makipa waliniogopa.

Kwa nini nakusimulia leo? Mwezi uliopita niliitwa kwenye mkutano wa wazazi hapa shuleni kwetu Mbalibali. Mwalimu wa michezo ni binti mmoja wa Natta, mchangamfu, na alitaka wanafunzi wa darasa la tano nao waingie kwenye michezo ya shule. Wazazi wakagawanyika. Wengine wanasema wadogo wataumizwa, wasubiri. Wengine wanasema watoto wa siku hizi ni laini, wawekwe na wakubwa wakomae. Na katika wale wa kusubiri, aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mwanangu wa kuzaa, Nyamhanga. Binti yake Robhi yuko darasa la tano, na anautaka mpira wa pete kuliko chakula.

Niliinuka. Sikuhutubia, magoti hayaruhusu. Niliomba mkaa tu. Mpishi wa uji wa shule akaniletea. Tukatoka nje wote mpaka kwenye mlango wa stoo, nikamwonyesha yule binti mahali pa kuchora, akachora mistari mitatu. Robhi akasimama wa kwanza, visigino kwenye ubao, macho mbele. Akafika mstari wa kati, maana mama yake ni mrefu. Akafuata kijana wa darasa la saba, akaishia mstari wa chini, na wala hakukasirika, alionekana kama mtu aliyetua mzigo. Watu wakaanza kusogea, kila mmoja anamsukuma wake apimwe. Mwishowe Robhi akaning'ang'ania na mimi. Nikasimama. Wakacheka sana. Mzee nimepungua, mstari wa juu unanipita kidogo.

Lakini Nyamhanga alibaki amekunja mikono. Aliniambia pembeni, "Baba, na akiumia?"

Nikamwambia, "Ataumia. Wa kimo chake hawawezi kumvunja kama nilivyovunjwa, lakini ataumia. Kazi yako ni kumfanya awe mtoto anayeweza kukuambia."

Ana ubishi wa babu yake. Ila Ijumaa iliyopita tulikuwa tumekaa nje, Robhi akaingia kutoka shuleni, goti limechubuka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakunipita kwa kificho. Alitusalimia, shikamoo Babu, shikamoo Baba, akamwendea baba yake, akanyoosha mguu. "Baba, nimeumia hapa," akasema, uso mkavu kabisa. "Na tumeshinda." Na Nyamhanga, ambaye namfahamu tangu alipozaliwa na sikuwahi kumwona akichota maji, aliinuka akaenda kuchota maji.

Basi mwanangu, hayo ndiyo yangu. Cheza ukiwa mdogo. Usisubiri kukua ndipo uanze, kwa sababu mwili unajifunza ukiwa bado unakua, na marafiki wa uwanjani hawapatikani ukiwa umekaa chini ya ukuta. Lakini cheza na wa kimo chako, na usione aibu kupimwa, mimi nilipimwa na nikaja kuwa nahodha. Mwalimu akikuambia bado, msikilize, hata kama hakuzaliwa kwenu. Ukiumia sema siku ileile, kwa mtu mzima anayekupenda. Uso unaweza kuwa mkavu ukitaka, mdomo tu ndio usifungwe. Na wewe uliye mzazi, au uliye na filimbi shingoni, usimzuie mtoto kwa hofu yako na usimtose kwa majivuno yako. Mtazame kila siku kama tata alivyotazama shingo za madume wake.

Mungu akupe miguu iliyonyooka kuliko huu wangu. Akupe wa kukimbia nao, na wa kukuita urudi jioni. Ng'ombe wa kwenu waongezeke, mvua iwakute mmeshapanda, na siku ukianguka, asikosekane nyumbani mtu wa kuinuka kwenda kuchota maji.